Wembe wa Kukunja na Kidevu cha Ukoka

Mwizi wa kawaida hutoka usiku kwa kunyata. Ukoka alikuwa mtu wa heshima zake: alitoka jua limeshapanda, ndevu zimechanwa, na njiani watu wakamwamkia. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wale aliowavika vilemba vya ukoka mpaka wakamkabidhi mali zao kwa mikono miwili, nao walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa bado wanamtafuta.

Hawakumpata kwa sababu ya ndevu. Zamani Ukoka alifanya kazi uso mtupu, na uso ule ulikuwa na kidevu chenye shimo la kutosha punje ya hindi. Mtu akikiona mara moja hakisahau. Kwa kidevu hicho aliuza ghala lisilo lake, akachukua malipo ya majokofu ambayo hayajaundwa, na akapokea arbuni za viti vya saluni vya kuzunguka ambavyo, kama vinazunguka, vinazunguka huko huko viliko. Mambo yalipochafuka alitoweka, akafuga ndevu, akarudi. Zilimshuka mpaka kifuani, na ndani yake mlikuwa na mvi mbili tatu za kuongezea uchamungu. Watu wale wale waliomwapiza walianza kumpisha kwenye foleni. Ukoka hakuwa na nyumba, shamba wala mke. Alikuwa na ndevu, na siku ndevu hizo zikiondoka, na yeye amekwisha.

Basi siku moja alikuwa amesimama kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakuwa na chuma cha kuuza. Alifuata kivuli na maongezi. Katikati ya koki mbovu na makomeo akaona kitu cha shaba, kidogo kama kiberiti.

"Hiki nini?"

"Sijui, mzee wangu. Kinakunjika. Kilikuja na mabomba."

Ukoka akakikunjua, na macho yakamng'aa. Ulikuwa wembe wa zamani sana, wa enzi zile watu walipochoka kujikata koo kwa bahati mbaya. Aliyeubuni hakuwa mjinga. Makali mafupi yalikaa nyuma ya kichana cha shaba, meno yatangulie, makali yafuate, ngozi isalimike. Tena kichwa chote kilikuwa na bawaba, kikajilaza ndani ya mpini, msafiri akautia mfukoni bila kujitoboa paja. Ilikosekana pini ya bawaba tu. Ukoka akamwombea mnunuzi dua ndefu ya biashara kustawi, na dua ikawa ndiyo malipo. Alikuwa na desturi ya kulipa vitu vingi kwa dua.

Kwake alikata kipande cha waya wa mwavuli, akakichomeka mahali pa pini, akanoa makali kwenye mkanda wa suruali, akatia tone la mafuta ya cherehani. Akakunja, akakunjua. Kliki. Mlio ulikuwa mtamu, na Ukoka aliamini kwamba mteja hanunui kitu, hununua mlio. Waya wa mwavuli haukumsumbua akili. Hakukusudia mtu aunyolee.

Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, na ukikatika, pampu nazo hulala, mabomba yanakauka. Saluni zote za mtaa zilikuwa zimenuna. Iliyonuna kuliko zote ilikuwa ya Kipara, kinyozi ambaye kichwani kwake hamkuwa na unywele hata wa kuazima. Mashine zake tatu zilining'inia ukutani kama popo. Nje palikuwa na pikipiki yake nyekundu, mpya, kiti bado kimevikwa nailoni. Ukoka aliitazama ile pikipiki kama fisi anavyomtazama mtu anayerusharusha mkono.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mzee. Lakini umeme hakuna."

"Umeme ni wa nini, mwanangu? Mimi nimekuja na siku za mbele." Akageukia pembeni, kwenye meza ya malipo, alipokaa mama mmoja mwembamba anashona pindo la pazia. Alikuwa mama mkwe wa Kipara, na saluni ile ilisimama kwa jasho la Kipara na kauli ya mama mkwe. "Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba," alisema mama, bila kuinua macho.

Ukoka akautoa wembe, akaulaza kiganjani, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa na bei. Kisha, kliki.

"Huu," alisema, akishusha sauti, "ndio wa kwanza kabisa duniani. Mama wa nyembe zote. Hautaki umeme, hautaki maji, hautaki hata sabuni. Wenye kiwanda wamenifuata mara ngapi? Nimewakatalia. Nimesema, huu utakwenda kwa kinyozi, mtu anayejua uchungu wa kazi. Ukiwa nao, fundi anakutolea nakala, kila msafiri anatembea na yake mfukoni, na wale wa kiwanda watakuja hapa hapa kukupigia magoti."

Kipara alijiona amekaa, watu wamepiga magoti. Picha ilimkaa vizuri.

"Na unataka nini, mzee wangu?"

"Mimi? Dunia nimeiacha. Miguu tu ndiyo inaniuma." Akatazama nje, kwenye pikipiki, akahema kama mtu anayelazimishwa.

Kipara alikuwa ameshatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo, ndipo mama mkwe akakata uzi kwa meno.

"Mkwe wangu, utauziwa mbuzi kwenye gunia mpaka lini? Wembe hauangaliwi, wembe unanyoa. Anyoe tuone."

"Sawasawa kabisa, mama," alisema Ukoka haraka. "Tumnyoe kijana wetu."

"Tumnyoe nini?" mama aliuliza. Wote wawili wakamtazama Kipara, kutoka utosini mpaka shingoni. Palikuwa laini kama yai.

"Na mimi sina ndevu," aliendelea mama, "ingawa marehemu alikuwa akinisingizia. Humu ndani mwenye ndevu ni wewe."

"Hizi, mama yangu, ni nadhiri."

"Basi na wembe wako ni nadhiri. Uendelee kuutunza."

Kipara akatoa mkono mfukoni, mtupu. Ukoka aliuona ule mkono, akaiona pikipiki ikimponyoka, na tamaa ikamzidi. Mtu aliyeishi kwa tamaa za wenzake angeijua sauti ya tamaa ikimwita, lakini wapi. Alipiga hesabu: atagusa shavuni tu, juu kabisa, kule ndevu zinakoanzia. Kidevu kitabaki kimelala salama chini ya blanketi lake.

"Kwa heshima yako, mama," alisema, akaketi mbele ya kioo.

Mpito wa kwanza ulipita kama siagi. Ukoka mwenyewe alishangaa. Hakuwa amezoea kuuza kitu kinachofanya kazi. Kipara alisogea mpaka pumzi yake ikamgusa sikio.

"Haukati ngozi!"

"Nilikwambia. Kichana kinatangulia."

"Shuka kidogo."

"Inatosha, mwanangu."

"Shuka, mzee! Nusu kidole tu!"

Akashuka nusu kidole, pale ndevu zinaponenepa, akakandamiza. Waya wa mwavuli ulizaliwa kushika mvua, haukuzaliwa kushika kazi. Ukapinda. Kichwa cha wembe kikafanya kile kilichobuniwa kukifanya: kikajikunja ndani ya mpini, kliki, pamoja na fungu zima la ndevu za Ukoka.

Alivuta, machozi yakamtoka. Kipara akavuta, Ukoka akasimama kwenye vidole. Wembe ulining'inia chini ya uso wake kama kengele ya mbuzi, na waya uliopinda haukukubali kurudi mbele wala nyuma.

"Mama, lete mkasi," alisema Kipara.

"Hapana! Mkasi hapana! Niacheni niende nao hivi hivi!"

"Uende na wembe wangu?" Kipara alishauhesabu kuwa wake. "Mama, mkasi!"

"Mwanaume mzima unalilia nywele," alisema mama mkwe, na akaja na mkasi wa kukatia mapazia, ambao kwa ndevu hauna simile. Kipara akamshika Ukoka mabega, akamkalisha. Kra. Ndevu zikaanguka mapajani, wembe ukiwa umezing'ata, na hewa baridi ikapita mahali ambapo haikuwahi kupita kwa miaka.

Kipara aliinama, akatazama, akainama zaidi.

"Macho haya siyajui," alisema polepole. "Pua hii siijui. Kidevu hiki nakijua." Akamgeukia mama mkwe. "Mama. Viti vyetu."

"Naviona, mkwe wangu. Vimekuja kwa miguu."

Kipara akafungua mdomo amwite mwizi kwa sauti ya kujaza mtaa. Mama mkwe akamziba kwa kiganja.

"Una wazimu? Wakija wa majokofu na wa ghala, wewe utapata nini? Ukucha? Funga mlango."

Ukoka akajaribu la mwisho. "Mama yangu, nisitiri, nami ni mtoto wa mtu."

"Nitakusitiri, mwanangu. Sitara ipo ya namna mbili, ya bure na ya kununua. Ya bure imeisha."

Wakammalizia ndevu zilizobaki. Walimnyoa bila maji, na hapa sisemi kwa mafumbo, mabomba yalikuwa makavu kweli. Kisha koti likavuka, viatu vikavuka, pete na saa vikafuata, na kabegi kake, ambamo mlikuwa na matunda ya dua za mji mzima, kakaingia chini ya meza ya mama. Kwa yote hayo aliuziwa taulo moja kuukuu la saluni, ajifunge taya kama mgonjwa wa jino, apite sokoni asitambulike. Ukoka alilipokea kwa mikono miwili. Sitaficha kwamba nilimwonea huruma kidogo, lakini ikapita.

Mlango ulipofunguliwa akaingia muuza magodoro, mtu mnene, mwenye ndevu zilizochoma kama brashi ya viatu.

"Umeme bado tu?"

"Umeme wa nini, baba?" alisema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa asali tupu. Alikuwa ameshaunyoosha waya kwa ncha ya mkasi, na sasa wembe ulikuwa umelala kiganjani mwake. Akanyamaza kwanza. Kliki. "Huu ndio wa kwanza duniani. Wenye kiwanda wametusumbua, tumechoka. Tunataka uende kwa mfanyabiashara, mtu mwenye upeo."

Muuza magodoro akajiona ana upeo. Akamgeukia yule mtu wa peku aliyefungwa taulo, aliyekuwa akiambaa ukuta kuelekea mlangoni.

"Wewe bwana, umenyolewa nao? Hebu tuambie ukweli, unafaa?"

Ukoka aliuangalia mlango. Ulikuwa hatua chache tu. Kisha akahisi kidole kimoja cha mama mkwe kikiingia, taratibu, chini ya pindo la taulo.

"Ndugu yangu," alisema Ukoka, "tangu nizaliwe sijaona wembe unaonyoa kama huu."

"Umesikia?" mama mkwe alimwambia muuza magodoro, akakitoa kidole. "Na huyu hatumjui hata jina."