Siki, Chumvi na Koleo la Chuma

Sonara alikuwa ameitupa asidi iliyomkaba kifua miaka mingi. Sasa vito alivyovilehemu alivisafisha kwa siki ya moto na chumvi. Sharti lilikuwa moja tu: chuma kisiingie sufuriani. Msaidizi wake, aliyeitwa Kinanda kwa mdomo usiokosa muziki, akatumbukiza koleo la chuma. Pete ya fedha ya bibi harusi ikatoka nyekundu kama nyanya.

"Baradhuli wewe! Siki hiyo imejaa shaba iliyotoka kwenye vito. Ukitia chuma, shaba inarukia fedha!"

"Kwa hiyo fedha halisi inaonekana shaba?"

"Ndiyo! Na utoke dukani kwangu!"

Kinanda akatoka na chupa ya ile siki kuukuu, na koleo. Mama wa mchumba wake alikuwa ameapa: bila bangili nzito ya fedha kufikia Jumamosi, binti hatoki.

Akaegemeza baiskeli yake kando ya soko, akatega meza, akaandika PIMA FEDHA BURE. Akaja shangazi mmoja na bangili nene, inang'aa hadi inaudhi. Kinanda akaizamisha, akaishikilia kwa koleo, akavaa uso wa msibani. Ikatoka nyekundu.

"Pole, shangazi. Shaba tupu."

"Uwii! Marehemu alinidanganya!"

"Wanaume hawafai," alisema Kinanda, ambaye kwa bahati mbaya naye ni mwanamume. "Nikuondolee huu uchungu. Nikupe nini?"

"Sitaki kitu, mwanangu. Miguu tu inaniuma. Labda hiyo baiskeli yako..."

Kinanda akaguna kama anayeng'olewa jino, akampa. Shangazi akaikanyaga pedali kwa kasi ambayo miguu mibovu haijapata kuwa nayo.

Jumamosi, sebuleni kwa mama mkwe, Kinanda akatoa bangili na kipande cha msasa.

"Mama, tazama maajabu."

Akasugua. Wekundu ukatoka, weupe ukachungulia. Mama mkwe akatabasamu, mchumba akapiga kigelegele. Kwa kupenda sifa, Kinanda akasugua tena. Weupe nao ukatoka. Chini yake, wekundu. Akageuza upande wa pili: wekundu. Akasugua hadi jasho likamdondoka: wekundu mpaka moyoni. Kumbe siki yake iligeuza kila kitu kuwa chekundu, hata shaba iliyopakwa fedha juu juu, naye hakuwa na njia ya kujua.

Mama mkwe akakohoa. "Uliipata kwa kutoa nini?"

"Kwa baiskeli, mama."

"Basi sugua, baba. Huenda imo humo ndani."