Mzee Yakobo Amefi...

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimegundua kitu! Gari langu la matangazo lina betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine nyuma, ya spika. Hiyo ya nyuma huchajiwa na injini kwa waya mrefu. Basi waya huo ndio unaokula mafuta! Nimeuchomoa. Fundi wangu wa umeme, Kasian, aliwahi kunikataza kuugusa, na akasema betri iongezwe maji yake maalumu. Mafundi hupenda kutisha watu. Nimejaza ya kisima. Maji ni maji.

Godlove kapita na bajaji yake akitangaza chanjo ya kuku. Sauti kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Nimemcheka waziwazi.

Jumanne, 10 Juni
Betri bado inaongea! Kutwa nzima nimetangaza mashine ya kukoboa mpunga, Kyela mjini hadi Itungi. Jioni sauti ilishuka kidogo. Mke wangu Ikupa kauliza kama betri inaumwa. Nikamjibu ni unyevunyevu wa ziwa. Kaguna. Mguno ule siupendi.

Jumatano, 11 Juni
Msiba. Milka, binti wa Mzee Yakobo wa Njisi, kaja asubuhi, macho mekundu. Shangazi yake amefariki Karonga, ng'ambo ya mpaka, Malawi. Mzee anataka ndugu wa huku wapate habari, kesho alfajiri wavuke pamoja. Kaniuliza kama spika ni nzima, maana Godlove naye yupo. Nimeapa. Nimesema betri ni mpya! Sijui mdomo huu nilipewa na nani.

Nimezunguka vijiji vitatu. Kila nikisimama, natangaza kwa huzuni: Mzee Yakobo wa Njisi amefiwa na dada yake. Injini inanguruma, vioo nimefunga kwa sababu ya vumbi, sauti yangu naisikia vizuri mno. Watu walianza kulia hata sijamaliza. Nikasema moyoni, hiki ni kipaji.

Alhamisi, 12 Juni
Naandika kwa aibu. Spika ilikuwa ikikata katikati. Betri ikipumzika njiani inapata nguvu kidogo, ya kusema tu "Mzee Yakobo wa Njisi amefi..." Basi. Yaliyobaki watu walijazia wenyewe.

Jana jioni akina mama wa vijiji vitatu waliingia kwake wakipiga mayowe, mchele kichwani. Mzee yuko uani, ananawa miguu. Wa mbele alimwona akaanguka, mchele ukamwagika. Mzee alidhani wamekuja kwa ajili ya dada yake, akawashukuru: ndaga, ndaga. Mpaka mmoja alipouliza mwili uko wapi.

Nimeitwa. Nimepiga magoti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Samsoni mwanangu, mimi nimeliliwa ningali hai. Dada yangu hajaliliwa na mtu."

Heri angenichapa.

Godlove ndiye aliyerudi vijijini kutangaza upya. Kila neno lilisikika. Safari ya Karonga ikachelewa nusu siku.

Ijumaa, 13 Juni
Kasian kafungua betri, kaniuliza maji haya nimeyatoa wapi. Nikatazama viatu vyangu. Imekufa, kasema, na aliyeiua anajulikana. Ikupa kafungua betri ya sola ya nyumbani, kaniambia niifunge garini, sisi tutakaa na taa ya mafuta. Safari hii hakuguna. Hapo ndipo nilipoumia.

Jumapili, 15 Juni
Nimetubu kanisani, kwa sauti. Mimi ni mtu mpya! Waya umerudi. Maji ni ya betri. Nimemwahidi Ikupa kwamba betri hii ni ya spika tu, hadi kufa kwangu.

Tulipotoka ibadani nikakutana na Tuntufye, muuza vitu vya mtumba. Ana kafriji kadogo! Umeme kanaotumia, anasema, betri haitajua hata kama kapo. Nikawaza soda baridi, foleni ya watu kule Itungi, joto la Kyela lisilo na likizo. Nimekafunga chini ya kiti. Kasian hana haja ya kujua.

Ikupa kapita karibu na gari, kaniuliza ni nini kinachovuma humo ndani.

Nimemwambia ni betri. Inapumua.