Ombi la Kumtubisha Kapteni Orvela Kabla ya Krismasi

Duka la Redio la Walubengo,
Mkabala na soko,
Kimilili.
6 Novemba 2006

Kwa Mkuu wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkuu wa Vipindi,

MINTARAFU: KUUZWA KWA SAYARI MBELE YA WAGENI WANGU

Kwa masikitiko makubwa, na nikiwa na akili zangu zote, nakuarifu kwamba Jumamosi tarehe 7 Oktoba, saa kumi na dakika kumi na saba alasiri, Kapteni Orvela wa kipindi chenu cha Doria ya Nyota Saba alimkabidhi adui funguo za sayari. Tulimwona kwa macho yetu. Hata kuku aliyekuwa akingojea kuchinjwa alitumia nafasi hiyo kuondoka, na hajarudi.

Ningenyamaza, maana sayari si yangu peke yangu. Lakini wakati huo sebuleni kwangu walikuwa wameketi wazee saba kutoka Kitale, waliokuja kumposa binti yangu. Na binti yangu anaitwa Orvela.

Naomba nieleze. Kipindi hiki mlikionyesha mara ya kwanza kuanzia 1981 hadi 1983, wakati ambapo wewe mwenyewe huenda ulikuwa bado unavaa kaptula. Kijijini kwetu televisheni ilikuwa moja tu, ya Mwalimu Makokha, nayo ilitumia betri ya gari ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiichaji. Kapteni Orvela wa siku hizo alikuwa mtu. Aliokoa sayari saba bila kupaza sauti. Mke wangu Nekoye alipojifungua msichana, nikasema huyu ni Orvela. Marehemu mama yangu akauliza ni nani katika ukoo wetu aliyefariki akiwa na jina hilo. Nikamjibu, "Hajafa, mama. Yuko angani." Mama alitikisa kichwa kwa heshima, na sikuona haja ya kumsumbua na maelezo zaidi.

Jina lilimkaa vizuri. Leo Orvela anauza mbegu na dawa za mifugo pale Tongaren, na akigundua amekuuzia mbegu mbaya atakutafuta mpaka shambani kabla hujapanda. Huko dukani ndiko alikokutana na Kipkoech, daktari wa mifugo, kijana mpole asiye na neno na mtu.

Sasa turudi kwenye Jumamosi ile. Runinga tulikuwa tumeiacha ikiwaka kwa sauti ya chini, ili wageni wasibaki kutazama ukuta. Msemaji wao, Mzee Festus, baba mkubwa wa Kipkoech na karani mstaafu wa mambo ya ardhi, alitoa kalamu akauliza, "Msichana anaitwa nani kamili, tuandike?" Nikajibu kwa kifua, "Orvela Nangila." Hapo hapo mtu mmoja kwenye runinga akapiga kelele kwa Kiingereza: Orvela, umetuuza!

Wazee saba waligeuka kwa pamoja. Mzee Festus akaweka kalamu chini.

"Ati huyo ndiye alimpea jina?"

"Ni yule wa zamani, mzee," nikasema.

"Kwani wako wawili?"

"Ni mmoja. Lakini zamani alikuwa mzuri."

"Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anachukua na tabia yake," akasema. "Sisi hatuna haraka. Wacha tungojee tuone huyu mama wa angani atafika wapi."

Chai walikunywa yote. Kipkoech alibaki ameishika soda yake kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Orvela alipoingia na sinia akauliza, "Nani amekufa?" 

Kwa hivyo, Mheshimiwa, nimekaa nikalinganisha kipindi cha zamani na hiki mlichokifufua, bila upendeleo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Adui. Zamani adui alikuwa mtu aliyejifunika blanketi na kuweka tochi mahali pa macho. Akiingia chomboni, hata mtoto wa miaka mitatu angeweza kumwonyesha kwa kidole. Siku hizi adui amevaa tai, anacheka na watu, na ni mmoja wetu mpaka siku ya kuhama. Bwana Mkuu, kama ningetaka kumtazama mtu tuliyemwamini akihamia upande wa pili, si ningengojea tu taarifa ya habari?

2. Ufundi. Hili linaniuma kitaaluma. Chombo cha zamani kiliharibika kila wiki, na kila wiki mtu alilala chini yake na spana. Kikikataa kabisa, Kapteni Orvela alikipiga ubavuni kwa kiganja na kikawaka. Mimi sikusomea kazi hii popote. Nimetengeneza redio za Kimilili miaka ishirini na mitano, nyingi kwa mbinu hiyo niliyojifunza kwake. Hiki kipya nimekifuatilia vipindi vitano. Chombo kimelipuka mara kumi na moja na hakuna mtu hata mmoja aliyeshika bisibisi. Wanasimama mbele ya kioo wanakiongelesha. Nilijaribu kuiongelesha redio ya mteja wiki iliyopita. Haikusaidia.

3. Machozi. Wanalia sana. Sina la kuongeza.

4. Rangi. Televisheni ya Mwalimu Makokha ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa hivyo rangi nyingine tulijiamulia wenyewe. Nilimhakikishia Nekoye kwamba sare ya kapteni ni ya kijani, na gauni la ubatizo la mtoto likashonwa la kijani. Sasa mmeonyesha kwamba sare ni ya kijivu, kama ya askari wanaofukuza wauza nyanya.  Siku ya tatu Nekoye aliniuliza ni mambo gani mengine niliyomhakikishia miaka hiyo.

5. La tano ndilo lililonifanya ninunue karatasi hii. Nimeambiwa kipindi hiki kitakwenda mpaka Aprili. Mzee Festus naye amenunua antena. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, kipindi kikiisha, ananitumia ujumbe wa simu wenye neno moja: BADO. Nimepokea BADO nne. Na Kipkoech ameshapata barua ya uhamisho kwenda Lodwar mwezi wa Januari. Orvela hatakwenda naye bila wazee kumaliza mazungumzo, na Kipkoech hawezi kukataa kazi ya serikali. Jana nilimkuta binti yangu akihesabu Jumamosi zilizobaki kwenye kalenda ya kampuni ya mbolea. Aliponiona akasema, "Andika barua yako, baba, lakini usinitaje sana." Nimejitahidi.

Kutokana na hayo, naomba mojawapo ya mambo yafuatayo:

(a) Kapteni Orvela atubu kabla ya Krismasi, kwa sauti, na uso wake uonekane vizuri.

(b) Ikishindikana, igunduliwe kwamba aliyeuza sayari ni pacha wake. Zamani mlitumia pacha kwa jambo dogo zaidi, la chai iliyomwagika.

(c) Ikishindikana hilo pia, nitumieni barua inayosema kwamba Kapteni Orvela wa 1981 na huyu wa 2006 hawana undugu wowote. Iwe na muhuri. Mzee Festus amefanya kazi na hati za mashamba maisha yake yote, na anaheshimu muhuri kuliko anavyoniheshimu mimi.

(d) Yote yakikataa, nipeni anwani ya watunzi wenyewe huko ng'ambo. Nitakwenda. Picha ya pasipoti ninayo tangu 1994.

Nisalimie wasomaji wote wa habari, fundi wenu wa mitambo, mlinzi wa langoni, na yule dada wa hali ya hewa ambaye mkono wake hufika Kisumu ukachoka kabla ya kufika kwetu. Wote hawajambo huku, isipokuwa hao niliowataja.

Ni mimi mtazamaji wenu wa tangu zama za betri,
Walubengo, Fundi wa Redio,
baba yake Orvela (yule mzuri).

Nyongeza: Kabla ya kubandika stempu nilimpelekea Mwalimu Makokha barua hii anikagulie tarehe. Aliisoma yote, akavua miwani. "Walubengo, bana," akasema, "kile kipindi cha mwisho kabisa cha 1983 wewe hukukiona. Orvela aliuza sayari zote saba." Nikamuuliza mbona siku ile nilipomuuliza iliishaje, alinijibu tu, "Iliisha." Akasema, "Ulikuwa umeshampa mtoto jina. Ningekuambia nini?"

Kwa hivyo binti yangu amelibeba jina la msaliti kwa miaka ishirini na mitatu, na hajawahi kumuuza mtu. Jumamosi hii naenda Kitale na Mwalimu akamweleze Mzee Festus hivyo kwa mdomo wake. Tafadhali msibadilishe chochote.

Kipindi hicho cha mwisho cha 1983 kilipoonyeshwa, nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, nimeshika chupa ya uji.