Dimanche ya Orly

Jumatatu, 3 Novemba
Madame Suzanne, mkubwa wetu hapa gardienne, shule ya watoto wadogo, amenipa kazi ya mlango. Kila mtoto atoke na mtu wake. Taabu ni Orly, miaka minne. Wazazi wake wameachana tangu Pasaka, na wote wawili wanakuja kumchukua. Mama yake, Falone, anaogopa baba atampeleka mbali, Gety, kwa bibi mzaa baba, asimrudishe. Baba, Ézéchiel, anasema mama anamficha mtoto. Suzanne anataka waitwe, waandike siku zao katika daftari. Njia ndefu.
Mimi nimemwambia baba tunafunga saa tano. Mama, saa sita. Hawatakutana tena.

Jumanne, 4 Novemba
Hawakukutana. Baba alifika saa tano, akamchukua Orly. Mama alifika saa sita, akanikuta na ufagio. Hilo sikulifikiria.
Falone hakupiga kelele. Aliketi kwenye kibenchi cha watoto, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mama Agathe, mutoto wangu iko wapi?"
Nilitaka ardhi inimeze. Tulimkuta kwa baba yake, hapa hapa Shari, anakula sombe. Suzanne aliuliza nani aligawa saa. Nikasema saa ya ukutani inachelewa. Akaangalia ukuta. Hatuna saa ya ukutani.

Jumatano, 5 Novemba
Mpango mpya. Nimewaandikia wote wawili: kesho Orly atasema récitation, shairi la kukariri, mbele ya wazazi. Hakuna récitation. Lakini mzazi akimsikia mwanawe, moyo unalainika. Watarudiana. Nimeshachagua kitenge cha kuvaa siku hiyo. Suzanne sikumwambia, ana kazi nyingi.

Alhamisi, 6 Novemba
Walifika. Mmoja akaketi karibu na mlango, mwingine karibu na ubao. Ézéchiel akauliza wazazi wengine wako wapi. Nikasema wanachelewa. Nikamnong'oneza Orly aseme siku za juma kwa Kifaransa, hizo anazijua. Akafunga mikono nyuma.
"Lundi, mama. Mardi, papa. Mercredi, mama. Jeudi, mama na papa wanagombana kwa mulango."
Akaendelea hadi samedi, Jumamosi. Kabla ya Jumapili akanigeukia.
"Mwalimu, dimanche niko ya nani?"
Falone alifuta macho kwa pembe ya kitenge. Ézéchiel akasema polepole: "Dimanche uko yetu siye wawili. Mama atakuvalisha, miye nitakungojea kwa kanisa."
Falone akasema sawa, mradi safari ya Gety aambiwe kwanza. Ézéchiel akakubali. Suzanne alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Alileta daftari, wakaandika siku zote, wakatia sahihi.
Walitoka na Orly katikati. Kwenye njia panda baba akashika njia yake, mama na mtoto yao. Nilingoja wageuke. Wakubwa hawakugeuka. Orly peke yake aligeuka, akampungia baba yake mkono mpaka vumbi la pikipiki likamfunika.

Ijumaa, 7 Novemba
Suzanne amesema barua za uongo zimekwisha. Mlango amempa Assani, mlinzi. Amesema kilichosaidia ni daftari, na hilo alilisema tangu Jumatatu. Nimekubali mbele yake.
Lakini leo asubuhi baba na mama ya Fiacre, mtoto mwingine wa hapa, wamemleta bila kusemezana. Suzanne anasema mama anaumwa jino. Wote husema jino. Nimeshaandika barua: Jumatatu Fiacre atacheza ngoma mbele ya wazazi wake.
Fiacre hajui kucheza. Ana siku mbili.