Bonde la Ufa, Ghorofa ya Tatu

Jumanne, 10 Juni

Nimepata ukumbi. Ghorofa ya tatu, Kariakoo, juu ya maduka ya vitenge. Nilimwamkia Bi Kuruthumu, mwenye jengo, kwa adabu zote, nikamweleza: onyesho la muziki na picha, jinsi ardhi ilivyopasuka likatokea Bonde la Ufa. Mawe yatapigwa kama marimba, ngoma itanguruma, volkano itawaka ukutani kwa projekta. Akaniuliza harusi ni ya nani. Nikaeleza upya. Akasema haya mwanangu, nikijaza watu Jumamosi, ukumbi ni wetu kila wiki. Nisipojaza, anampa Bakili.

Bakili ni dijei wa harusi. Ana mataa yanayozunguka na meno mengi. Siwezi kushindwa na mtu yule. Na sina pengine pa kwenda. Ilala tulifukuzwa, eti mawe yetu yanawaumiza watu vichwa.

Kasoro moja. Ukuta wa jukwaani una ufa. Unaanzia juu, unateremka hadi usawa wa kifua changu. Utaharibu picha. Nitaufunika kwa shuka.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi. Violeth, mwimbaji wetu, aliimba mpaka wauza vitenge wa chini wakaacha kunadi. Bila yeye sisi ni watu wanaogonga mawe tu. Hilo naliandika hapa, yeye simwambii.

Tatizo lake ana macho. Aliinua shuka. Akasema juzi, tulipoleta mawe, ufa uliishia kifuani, leo uko magotini, na kidole kinaingia. Akataka nimwambie Bi Kuruthumu leo hii. Akaniapisha. Nikaapa. Kimoyomoyo nikaongeza: baada ya Jumamosi.

Nimeongeza shuka la pili.

Ijumaa, 13 Juni

Bakili kaja, eti kusalimia. Mambo, poa, huku jicho liko ukutani. Akasema mlango wa ukumbi haufungi tena kama zamani, jirani wanachimba msingi, jengo limekaa vibaya, niahirishe. Niahirishe! Ili aingie yeye na mataa yake. Wivu mtupu. Nikamjibu mlango umevimba kwa unyevu.

Alipoondoka nikajaribu kuufunga. Haufungi kweli. Nikauegemezea jiwe letu kubwa, ubaki wazi, tuachane na habari zake.

Nimeazima spika ya besi Buguruni, kubwa kama friji. Nikaijaribu. Sakafu ilitetemeka hadi nikaisikia kwenye meno. Ndicho ninachotaka. Nyuma ya shuka kikaanguka kitu, kama kokoto. Sikuangalia.

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi ulijaa. Bi Kuruthumu nilimkalisha mbele kabisa, kanga mpya. Violeth akaniuliza kama nimemwambia. Nikasema tayari, fundi anakuja Jumatatu. Akapanda jukwaani.

Ngoma, mawe, lava ikashuka kwenye shuka. Nikapandisha besi. Ardhi ya kwenye picha ikapasuka taratibu, watu wakashangilia. Hapo chokaa ikammwagikia Violeth begani. Wakashangilia zaidi. Kisha shuka likajivuta lenyewe, huku na huku, likachanika katikati. Wakasimama kupiga makofi. Mimi nimeshika kitufe cha sauti, mkono umekataa kukishusha.

Violeth hakupiga kelele. Aliteremka akiimba, akamshika mkono Bi Kuruthumu, akapita naye katikati ya watu, akiwapungia wamfuate. Wakadhani ndiyo onyesho lenyewe. Wakatoka wote nyuma yake wakiitikia, mpaka ngazini, mpaka barabarani. Mlango ulikuwa wazi, jambo ambalo hakuna aliyenishukuru.

Nilibaki na projekta, nimekasirika. Alikuwa ameruka wimbo mzima wa mwisho. Bakili, ambaye alikuwa chini akiwatoa wenye maduka, akapanda mbio, akanikamata ukosi, akaniburuta. Tulipokanyaga barabara, ukuta wa jukwaani ulianguka. Vumbi likatoka madirishani. Watu wakapiga makofi. Violeth hakupiga. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumatatu, 16 Juni

Jengo limefungwa. Aliyeumia ni projekta peke yake. Bi Kuruthumu alituita, akauliza nani aliuona ufa kabla. Nikasema nyufa zilikuwa nyingi kwenye picha, mtu hawezi kukumbuka upi ni upi. Violeth akasema yote, hadi shuka la pili. Bi Kuruthumu hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye nilimkalisha mbele. Akarudia, taratibu, kwamba nilimkalisha mbele.

Violeth sasa anaimba kwa Bakili. Alikuja kuniambia mwenyewe: kuimba na mawe alikubali, kufa chini yake hapana. Inaniuma. Nimelia, sitaki kuficha.

Lakini wapo waliosema hawajawahi kuona onyesho kama lile, wakauliza lini tena. Kwa hiyo leo nimeenda Buguruni, nimepata ghala. Ukuta wake una ufa kutoka paa hadi sakafu, unapitisha hata jua. Mwenyewe anasema hauna neno. Nami nimeshajifunza: safari hii siufuniki. Nitauwekea taa kwa nyuma.