Harusi Isubiri Nywele Zangu

Mkunazini, Mji Mkongwe
Jumatatu asubuhi

Kwa Ami yangu Talib bin Mjaka,
Mkubwa wa ukoo na shahidi wa kiapo changu,
Tunguu.

YAH: OMBI LA KUAHIRISHA HARUSI YA YUSRA MPAKA NYWELE ZANGU ZIFIKE

Ami mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Marahaba yako naipokea mapema, kwani najua ukishafika kwenye ombi lenyewe hutokuwa na moyo wa kuitoa. Sisi huku wazima, mimi na kichwa changu. Nimeamua kutumia karatasi na wino kwa sababu kwenye lile kundi la ukoo la WhatsApp nilijitoa siku mdogo wangu Ummy aliponitumia picha ya moyo mwekundu. Na nikikutumia sauti kwa simu asubuhi hii, kabla ya adhuhuri itakuwa imeshafika Kizimkazi.

Nakukumbusha kilichotokea, ingawa ulikuwapo. Miaka mitatu nyuma, Idi Pili, tulikuwa sote nyumbani kwa Ummy, kule Kizimkazi. Akanishika mkono, akaniomba nikae kitini anitie dawa ya kulainisha, nywele zilale vizuri kwa ajili ya picha. Nikakaa. Akanipaka kichwa kizima, kisha akasikia harufu ya pilau kushika chini, akatoka mbio kwenda kugombana na sufuria. Kichwa kikaanza kuwaka. Nikamwita. Akaitika, “Naam!” Nikamwita tena. Akaitika, “Naam dada, naja!” Pilau ilipona, Ami, wewe mwenyewe uliisifu. Nywele zangu zilibaki kwenye taulo.

Ndipo nilipotoka na kitambaa kichwani nikaapa mbele yenu kwamba wallahi sitotia mguu nyumbani kwa Ummy mpaka nywele zangu zirudi hapa, na nikaligusa kombe la bega. Wewe ukasema, “Haya, tumesikia.” Hilo ndilo lililokufanya shahidi, na kila siku namshukuru Mungu kwamba masikio yako ni mazima.

Tangu hapo nimekuwa mtumishi wa kichwa changu. Nilinyoa, nikaanza upya. Sizichani nywele zikiwa kavu. Nazirowesha, nazitia mafuta, nazigawa mafungu, kisha naanza na chanuo kwenye ncha na kupanda polepole kuelekea kwenye ngozi, kama mgeni anayebisha hodi kila mlango. Nazikosha kwa majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Nazisokota, nazifunga kitambaa cha hariri, nalala. Moto hazijauona tena. Mtaani wanasema Nassra kapata mchumba uzeeni. Mchumba gani, Ami? Mimi natimiza kiapo.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Ummy anapunguza kiapo changu. Mwaka ule ule alianza kuwaambia watu kwamba sikugusa kombe la bega, niligusa bega lenyewe. Mwaka jana ikawa shingo. Wiki iliyopita nimepata habari kwamba sasa niligusa sikio. Siku ile nilikuwa na hasira ya kutosha kuapia kiuno, na hasira kama ile haiapii sikio. Akiachiwa aendelee hivi, mwakani atasema niliapa nikiwa nimeshika nyusi. Naomba umwite umkanye, kiapo ni changu na urefu wake ni wangu.

2. Ananikuza nywele bila ya idhini yangu. Jirani yangu Bi Bashira ana mama yake Kizimkazi, huenda kila Ijumaa, na kila akirudi ananiletea chupa kutoka kwa Ummy. Mara mafuta ya nazi aliyokuna na kuyapika mwenyewe, mara mafuta ya mbarika, na mwezi huu kayatia habbasoda. Hajaandika neno, chupa tu. Umepata kusikia wapi, Ami, mkosaji akamkuza nywele aliyemkosea? Mimi naona huku ni kuingilia shughuli za kiapo. Mafuta nimeyatumia yote yasije yakaharibika, maana israfu nayo ni dhambi, na chupa tupu nimezipanga dirishani kuwa vielelezo.

3. Alikuja mpaka mlangoni kwangu. Nilikuwa nimejipaka uwatu uliorowekwa usiku kucha, unanichuruzika mpaka shingoni, na siwezi kumfungulia mlango adui nikiwa katika hali ile. Akabisha, sikufungua. Akasema kwa nje, “Dada, nnasikia harufu ya uwatu. Usiukoshe mapema, uwache mpaka alasiri.” Akaondoka. Fikiria ufidhuli huo, mtu kuja kunifundisha kichwa changu kupitia tundu la kufuli! Nikauacha mpaka alasiri ili nimthibitishie kwamba hajui kitu. Nywele zikatoka laini ambavyo hazijapata kuwa tangu nizaliwe. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, na mpaka leo sijui nimlalamikie nani.

4. Kuhusu vipimo. Nywele zetu sisi, Ami, zina tabia ya kurudi kwao. Zikiwa na maji ukizivuta zinakuja mpaka unashangaa, ukiziachia zinapanda na kujikunja masikioni kana kwamba hazikuwahi kutoka. Bi Bashira ameligundua hilo. Sasa kila akinikuta sina mtandio ananinyakua fungu moja kwa nyuma, analivuta chini na kupiga ukelele kwenye simu, “Ummy we, zishafika begani!” Na kule Kizimkazi nasikia vigelegele. Huu si upimaji. Msimamo wangu uko wazi, nao ni kwamba zipimwe zikiwa kavu, zimeachiwa, hazikuguswa na mtu. Mimi niliapia nywele zitakazofika zenyewe, si zitakazokokotwa.

Najua hapo utanitajia kafara, na kwamba masikini kumi wakila wakashiba mambo yamekwisha. Tafadhali usinitajie. Kafara ni ya mtu aliyeshindwa na kiapo, mimi sijashindwa, nimechelewa tu. Vilevile ulishanisomea kwamba Muislamu hamhami nduguye zaidi ya siku tatu. Nilikusikia vizuri, Ami, na usiku ule sikulala. Lakini asubuhi nilijitazama kwenye kioo, hasira ikanirudia.

5. Sasa naingia kwenye harusi. Mwana wa Ummy, Yusra, huyo anayesoma hapo chuoni kwenu Tunguu, ataolewa mwezi ujao, na hakuna aliyeziuliza nywele zangu kama zitakuwa tayari. Mtoto huyu dawa haijamgusa kichwani, kwa sababu siku ile yeye ndiye aliyekuwa kaishika taulo. Kila Jumamosi huja akakaa kwenye kidaraja cha mlango wangu, nikamchana na kumsuka. Zile nywele ni zake, lakini aliyezifikisha mgongoni ni mimi. Sasa ametangaza kwamba singo ya mwilini atapakwa na yeyote, hina atatiwa na yeyote, lakini kichwa chake siku ya harusi hakigusi mtu isipokuwa mama mkubwa. Na bi harusi anapambwa wapi? Nyumbani kwa mama yake. Na kwa mama yake ni kwa nani? Kwa Ummy. Huu ni mtego, Ami, na aliyeutega namjua.

Hapa naomba niseme jambo ambalo si la kisheria. Marehemu Mama alikuwa akikaa juu ya ngazi, mimi chini yake, Ummy chini yangu. Mama akinisuka mimi, mimi namsuka Ummy, na Ummy anamsuka mwanasesere wake wa matambara. Nikivutwa nywele, nami namvuta Ummy, naye analia, na Mama anatuchapa sote kwa chanuo. Mama alipoondoka duniani, Ummy akapanda akakaa nyuma yangu, akawa ndiye ananisuka. Sasa Yusra anakaa mbele yangu, na nyuma yangu hapana mtu. Kisogo changu nakisuka kwa kupapasa, mikono juu mpaka inakufa ganzi, na njia hazinyooki. Namkosa, Ami. Namkosa hasa kisogoni, lakini na kwengine pia. Hilo nimelisema ili ujue hasara niliyopata, lisihesabiwe kuwa udhaifu.

6. Lalamiko la mwisho ndilo zito, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ijumaa iliyopita Bi Bashira hakuniletea chupa. Aliniletea maneno. Ummy amesema hivi, nayaandika kama yalivyonifikia: “Mwambie dada, nshahamisha nguo zangu. Wiki ya harusi mie nnakwenda kukaa kwa mama yake Bashira. Kiapo chake ni cha nyumba yangu. Mie nikitoka, si yangu, ni ya Yusra. Naingie amsuke mwanawe.” Na mumewe, Shamsi, amekubali. Nasikia godoro limeshatangulia.

Sasa nakuuliza wewe mwenye busara zako. Mama mzazi akae nyumba ya tatu asikilize ngoma ya mwanawe kupitia ukuta, ili mimi nipate kuingia? Asimfukize mwanawe udi, asimvike kikuba cha asumini, asilie pale mama wote wanapolia? Huo ni ujeuri wa namna gani? Mtu anakukosea mara moja, kisha anakutendea wema mkubwa kuliko kosa lenyewe, akuache umesimama kichwa kimejaa uwatu! Tangu Ijumaa chakula hakinipiti. Nimeshindwa kuzisokota nywele zangu siku mbili nzima, na asubuhi ya leo nimekuta ncha zimefungana mafundo, kwa hiyo na hayo mafundo nayo naomba yaandikwe juu ya Ummy.

Kwa sababu zote hizo naomba, kwa heshima na unyenyekevu, uamue kama ifuatavyo. Harusi ya Yusra iahirishwe mpaka nywele zangu zifike kwenye kombe la bega, zikiwa kavu na zimeachiwa. Kwa mwendo ninaouona, jambo hilo halitozidi miaka saba, minane zikipata msukosuko. Bwana harusi ni kijana, na kama kweli anampenda atasubiri, na akitaka kujua faida ya subira mimi nitamwelekeza namna ya kuchana kuanzia ncha. Wapishi, wapiga ngoma na wenye viti waarifiwe mapema. Godoro la Ummy lirudishwe nyumbani kwake leo hii kabla ya magharibi, kwani umande haumfai, ana kifua tangu utoto.

Kama uamuzi huo utaonekana mgumu, niko tayari kukaa nao kikao popote isipokuwa Kizimkazi.

Nisalimie mkeo Bi Mwanakheri, mwambie ule ukili wa mkeka alioniahidi bado nausubiri. Nisalimie wanao na wajukuu mmoja mmoja, na majirani wote wa Tunguu wanaonijua na wasionijua. Kule kusini nisalimie Shamsi, mama yake Bashira na kila aliyeko, isipokuwa mmoja, naye unamjua. Huyo muulize tu kifua chake kinaendeleaje, halafu unijibu mimi, bila ya kumwambia nani kauliza.

Ni mimi mwanao mtiifu, ninayesubiri hukumu yako na nywele zangu,

Nassra binti Ahmada

Baada ya kusaini: Ami, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Yale ya kuahirisha harusi yawache. Na yale ya kupima nywele zikiwa kavu na zimeachiwa, nayo yawache, niliyaandika kabla sijanywa chai. Nimekaa asubuhi nzima nimezifunga kwa uzi mweusi, fungu kwa fungu, tangu kwenye ngozi mpaka ncha, kama Mama alivyokuwa akitufunga ili zinyooke. Uzi sitoufungua mpaka Ijumaa. Njoo na Bi Mwanakheri baada ya sala, mnipime, kisha tuondoke pamoja kwenda Kizimkazi, nguo zangu ziko tayari kwenye mkoba. Nimeshajipima mwenyewe kwa kioo. Nikiinua kidevu na kutazama dari, zinagusa, au karibu zinagusa. Kwa hiyo ukinikuta natazama dari, usiniulize kwa nini. Wasiwasi wangu ni kisogoni tu, mkono haukufika sawasawa na uzi umelegea. Huko Ummy atakuja kuufunga upya mimi nikimsuka Yusra. Bi Mwanakheri mkono wake mwepesi, basi bora upime wewe. Na ukiona hazijafika, Ami, vuta.