Marais wa Kwenye Dola

Jumatatu, 6 Novemba
Unisamehe, daftari. Miezi miwili bila neno. Binti yangu Mahoro, miaka minne, aliteleza kwenye njia ya Mibirizi na mguu haujapona. Anauburuta kama si wake. Daktari anataka picha ya mguu: faranga elfu ishirini. Nina kumi na mbili chini ya godoro. Ila kichwa ninacho! Kwenye benchi la hospitali mwalimu mmoja mstaafu aliniambia yule mzee wa kwenye dola mia hakuwahi kuwa rais. Mpakani wote wanaapa alikuwa.

Jumanne, 7
Nimewekeana dau la huyo mzee na Joséphine, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, adui yangu wa foleni pale mpakani, Rusizi ya Kwanza. Dola kumi yake, elfu kumi na mbili zangu. Alicheka hadi beseni likatikisika. Papa Akilimali, mbadilisha pesa, akatafuta kwenye simu. Si rais! Joséphine akalipa, akasonya.

Jumatano, 8
Mahoro nilimvalisha gauni la kanisani. Kabla ya hospitali tukapita kubadilisha ile noti ya dola kumi. Papa Akilimali akaigeuza, akanirudishia kama inanuka.
"Maman Mahoro, hii ni ya zamani, ya kichwa kidogo. Bukavu hawaipokee. Hata miye."
Nikamwambia kumi ni kumi. Akasema miaka ishirini hajasoma jina la muntu hata mmoja humo, yeye anaangalia ukubwa wa kichwa tu. Joséphine alijua, mchawi yule. Tumerudi, Mahoro mgongoni. Hakulia. Aliuliza kichwa cha yule mzee kitakua lini.

Alhamisi, 9
Mwalimu amenithibitishia kwa simu: hata huyu wa kumi si rais. Wawili! Basi ndiyo desturi yao. Na wa ishirini, nywele zimesimama vile, nani angemchagua? Joséphine alikubali dau haraka. Haraka mno. Niliweka zote za godoro.
Alikuwa rais. Miaka minane. Papa Akilimali alisoma mara mbili, polepole.
Joséphine hakucheka. "Rudi nyumbani, dada. Funga mtoto mguu." Akanipa konzi ya sambaza. Nilizipokea.

Jumapili, 12
Mguu umevimba. Usiku Mahoro anauma shuka ili nisimsikie. Nimemwandikia dada yangu Béatrice, yuko Bukavu, atume:
elfu ishirini za picha, faranga za Rwanda;
bandeji mbili, zile pana;
dawa ya maumivu ya watoto, ya maji;
soksi moja nene, ya kushoto;
na noti moja ya Burundi, yoyote yenye uso wa muntu. Za Burundi Joséphine hazijui.